Sanamu Niliyoipa Mgongo



Wazazi wengi wa kambini hunijia na swali moja, nalo mwezi huu limenijia tena: mtoto aliye masomoni akiomba ruhusa ya kwenda mji mkuu kwa siku moja pamoja na wenzake, apewe au anyimwe? Aghalabu mwenye kuuliza huwa amekwisha kujijibu moyoni kwamba anyimwe, na anachotaka kwangu ni kuungwa mkono tu. Mimi nami nilikuwa wa kundi hilo. Leo sitatoa shauri tupu, bali nitasimulia safari niliyokwenda mwenyewe, nawe utaipima.

Binti yangu wa pili anasoma sanaa ya uchoraji katika chuo kimoja cha huku kwetu mashariki mwa Uganda. Alipochagua masomo hayo sikupinga kwa maneno, ila moyoni nilisikitika. Nimekuwa askari polisi kwa miaka ishirini na sita, nikastaafu kwa cheo cha sajini, na katika miaka hiyo yote nimesoma matangazo ya kazi yakitaka wauguzi, walimu na madereva. Sijapata kusoma tangazo la kutaka mchoraji. Basi karo ilipozidi kunielemea mwaka huu, nilikwenda kimya kimya nikachukua fomu ya chuo cha uuguzi, nikaijaza nusu, nikaificha ndani ya sanduku langu la bati, chini ya magwanda ya zamani. Mama Watoto alijua. Binti hakujua.

Fomu ikiwa ingali sandukuni, binti akaja kuomba ruhusa. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi aende Kampala, arudi na michoro kumi ya vitu alivyoviona kwa macho yake. Kupiga picha kwa simu na kuja kuchorea nyumbani kulikatazwa. Wenzake wa safari walikuwa wawili: msichana mmoja, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, na kijana mmoja ambaye baba yake ni askari jeshi tuliyekaa naye jirani.

Nikamwambia, “Nitakuruhusu kwa sharti moja, kwamba nami niende.”

Akacheka. “Karibu, Baba. Lakini ujue kwamba sisi hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.”

Nikamjibu kwamba mtu aliyesimama lindo usiku kucha hafundishwi kukaa mahali pamoja.

Tulitoka Jinja saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa ungali juu ya maji. Mama Watoto alikuwa ametufungia viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na chapati, pamoja na chupa ya chai. Taksi ilivuka daraja jipya la Mto Nile, lile lililofunguliwa mwaka 2018, ikashika njia ya Kampala, mwendo wa kilomita kama themanini. Tulipoingia katika msitu wa Mabira, abiria wengi walilala. Binti hakulala, akanigeukia na kuniuliza:

“Baba, wewe umefanya kazi Kampala miaka mingi. Hebu nieleze, Sanamu ya Uhuru ikoje?”

Swali hilo lilinifurahisha, kwa kuwa mahali pale napajua. Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikipangiwa zamu katika barabara zile, na siku za sikukuu nilisimama hapo hapo mbele ya sanamu tangu alfajiri hadi jioni. Nikamjibu bila kusita kwamba ni sanamu ya mama aliyembeba mwanawe mgongoni, naye mama anatazama barabarani. Binti hakusema neno. Aliandika maneno yangu nyuma ya daftari lake, kama karani wa kituo aandikavyo maelezo ya shahidi, kisha akalifunga.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Jumba la Makumbusho la Uganda, katika kilima cha Kitante. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1908, nalo ni kongwe kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Hapo mwanzo vitu vyake vilihifadhiwa katika ngome ya Lugard, kilimani Old Kampala, na baadaye, mwaka 1954, vikahamishiwa jengo la sasa, lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May. Nilidhani tungezunguka humo kwa nusu saa, tutazame ngoma, zeze na mikuki, kisha twende zetu. La hasha! Wale vijana waliketi sakafuni mbele ya nyundo za mti zitumikazo kutengeneza nguo za gome, nao hawakuinuka kwa muda wa saa nzima. Robo saa ya kwanza nilisimama wima kama niliye kazini. Nusu saa ilipotimia niliegemea ukuta. Saa ilipokaribia kuisha, niliketi nami.

“Mnachora nini katika vijiti hivi?” nikauliza. “Si vyote ni sawa?”

“Si sawa, Baba,” akasema binti. “Hesabu mifuo.”

Nikahesabu. Kumbe kweli, nyundo moja ilikuwa na mifuo mipana, ya pili mifuo ya kadiri, na ya tatu mifuo myembamba iliyobanana. Ndipo akanieleza kazi yake. Gome la mti uitwao mutuba hubanduliwa wakati wa mvua, na shina huvikwa majani ya mgomba lisikauke, hata likaota gome jipya. Gome lililobanduliwa hupondwa kwanza kwa nyundo yenye mifuo mipana, halafu kwa zile zenye mifuo myembamba zaidi, likapanuka na kuwa jororo. Mti mmoja huweza kubanduliwa mara nyingi katika maisha yake. Ufundi huo wa Baganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Mimi nimezikwa ndugu kwa nguo hizo tangu utoto wangu, nimeziona zikitandazwa makaburini, wala sikupata kujiuliza zinatengenezwaje.

Yule kijana wa jeshi naye alinipa habari iliyonigusa, na ndugu zetu wa magereza wataipenda. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakifanya kazi katika kilima cha Luzira walifukua kichwa cha udongo uliochomwa, kilichofinyangwa na mafundi wa kale sana kuliko kumbukumbu zetu. Kichwa hicho leo kinajulikana na wataalamu wa nchi nyingi, nacho kimo katika British Museum, mjini London. “Sisi tulio karibu na Luzira,” akasema kijana, “tukitaka kukichora chenyewe, itatubidi kupanda ndege.” Wenzake walicheka, ila yeye hakucheka sana.

Mchana tulikwenda Makerere, tukala chakula chetu chini ya mti. Wengi wetu tunapolisikia jina hilo huwafikiria madaktari na mawakili. Kumbe mwaka 1922 mahali pale palianza kama skuli ya ufundi yenye vijana kumi na wanne, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kwa hiyo Makerere ilianza kwa kazi ya mikono. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell akaanza kufundisha uchoraji, na skuli ya sanaa ya chuo hicho hata leo hubeba jina lake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, ambaye Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuiwakilisha nchi yake. Yule msichana, mtoto wa fundi, alinitajia pia Theresa Musoke, aliyesoma hapo na kuchora picha kubwa ukutani mwa Mary Stuart Hall, bweni la wanafunzi wa kike.

“Kwa hiyo mchoraji anaweza kuwa balozi,” nikasema kwa mzaha.

“Au askari, mzee,” akajibu yule kijana. Sikuuelewa usemi wake mpaka saa kumi ya jioni.

Saa hiyo tulifika penye Sanamu ya Uhuru. Tuliomba ruhusa kwa mlinzi, kijana mwenye adabu, ambaye aliposikia kwamba mimi ni askari mstaafu aliniamkia kwa heshima. Vijana wakachagua pembe zao, wakaketi. Mimi, msomaji, kwa mazoea ya miaka mingi, nilijikuta nimesimama mahali pangu pa zamani. Miguu ilijipanga yenyewe. Macho yakaelekea barabarani, yakapekua magari na wapita njia.

“Baba,” binti akaita, “geuka.”

Nikageuka.

Mtoto hakuwa mgongoni. Mama amemwinua juu kwa mikono yake, juu ya kichwa chake, na mtoto mwenyewe ameinyosha mikono kuelekea mbinguni. Sehemu ya chini ya mwili wa mama imezongwa kwa mikanda kama ya kufungia majeraha. Waelezaji husema kwamba mikanda hiyo ni kifungo cha ukoloni ambacho taifa lilikuwa likijivua, na kwamba mtoto ni nchi changa iliyozaliwa tarehe 9 Oktoba 1962. Aliyeitengeneza ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias huko Kenya, mwanafunzi wa yule Bibi Trowell, ambaye alikuja kufundisha Makerere na baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkenya alitufinyangia Waganda mtoto wetu, na mimi niliyepewa kazi ya kumlinda sikujua hata alipobebwa.

Binti akafungua nyuma ya daftari, akanipa nisome maelezo yangu ya asubuhi. “Mama amembeba mwanawe mgongoni, naye anatazama barabarani.” Hakunicheka. Afadhali angalinicheka. Nilifahamu mara moja kosa lilipotokea. Aliyekuwa akitazama barabarani hakuwa mama, nilikuwa mimi. Miaka mitatu niliipa sanamu ile mgongo, na sura niliyoikosa nikajibunia mwenyewe. Ndugu msomaji, kama maelezo yale ningaliyatoa mahakamani, ningaliyatoa kwa kiapo, na moyo wangu usingalinishitaki, kwa maana niliamini kwamba nimeona.

Hapo ndipo nilipomkumbuka hakimu mmoja, miaka mingi iliyopita. Ilikuwa kesi ya ajali ya baiskeli na lori. Kila askari wa barabarani anajua kwamba mahali pa ajali hupimwa na kuchorwa: gari liliposimama, alama za breki, upana wa njia na mahali alipoangukia mtu. Nilipima kwa haraka, nikachora kwa haraka. Hakimu aliuinua mchoro wangu, akaugeuza juu chini, akaniuliza kwa upole baiskeli ilikuwa kulia au kushoto mwa barabara. Nikatazama mchoro wangu mwenyewe, nisijue. Mjane wa yule mwenye baiskeli alikuwa ameketi benchi la mbele. Kesi hiyo haikwenda mbali, na kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikosa bahati. Jioni ile, chini ya sanamu, nilikiri kwamba nilikosa jicho.

Wenzangu wa jeshi na polisi, sisi hujivunia macho yetu. Husema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini jicho nalo hufundishwa, kama mguu ufundishwavyo gwaride. Mchoraji hawezi kuchora kidole mpaka amejua kidole kinaanzia wapi na kinakunjika wapi, na penseli humfichua papo hapo akibuni. Yule kijana aliposema “au askari”, maana yake ilikuwa hiyo. Mtoto niliyemdhania kuwa anachezea karatasi alikuwa akijifunza jambo lile lile ambalo mimi nililipwa mshahara nilifanye, naye amelifanya vizuri kuliko mimi.

Kabla ya kurudi tulipita soko la kazi za mikono karibu na Jumba la Taifa la Maigizo. Mama mmoja auzaye mikoba ya gome la mti aliliona daftari la binti, akaomba kulifunua. Alikawia penye mchoro wa zile nyundo tatu, akauliza kama angeweza kuchorewa nakshi za namna hiyo za kutia kwenye mikoba, kwa maana wauzaji wengi huuza nakshi moja na wanunuzi wamezichoka. Binti akamwuliza anataka ngapi, kwa ukubwa gani, na kwa bei gani. Nilinyamaza kando kama mtu asiyehusika. Tangu zamani nilingoja tangazo la kazi gazetini, kumbe kazi nyingine hutangazwa sokoni kwa mdomo, na humpata aliye na daftari mkononi.

Isidhaniwe kwamba siku yote ilikuwa njema. Katika msongamano wa kituo cha taksi yule kijana alitupotea, na simu yake ilikuwa imezimika kwa kuisha moto. Moyo ulinienda mbio, kwani nilijua nitamjibu nini baba yake. Lakini asubuhi, tuliposhuka, tulikuwa tumeagana kwamba atakayepotea asitangetange, bali arudi kwenye kibanda kimoja cha muuza magazeti tulichokitia alama. Tulimkuta hapo amesimama, ametulia, anamchora muuza magazeti. Jua lilipokuchwa tulikuwa tumekwisha kupita Mukono.

Usiku ule, baada ya chakula, Mama Watoto hakuniuliza neno. Alilifungua sanduku la bati, akaitoa ile fomu, akaiweka mezani mbele yangu na mbele ya binti, kisha akaketi. Nikamweleza binti yote. Aliisoma karatasi yote, hata mahali nilipoandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri.

“Uliijaza lini?” akauliza.

“Kabla ya safari.”

Akakaa kimya kitambo. “Baba, hukuniuliza.”

Nimesimama mbele ya makamanda wakali katika maisha yangu, nikajibu kila swali. Hilo sikuwa na jibu lake. Nilimwomba radhi mwanangu mbele ya mama yake, jambo ambalo baba yangu hakupata kunifanyia, wala mimi sikupata kulifanya kabla ya siku hiyo. Kisha tukazungumza kama watu wazima juu ya fedha, kwa kuwa radhi hailipi karo. Tulipatana kwamba mimi nitalipa karo mpaka amalize mwaka uliobaki, naye karatasi, rangi na nauli atajitafutia wakati wa likizo kwa kuandika vibao vya maduka na kuchora nakshi za yule mama wa sokoni. Akishindwa, atasema mapema. Nikishindwa mimi, nitasema mapema vile vile, wala sitaficha karatasi sandukuni. Uuguzi ni kazi ya heshima kubwa, nami simkatazi mtu. Lakini si ya kumfungia mtoto asiyeiomba. Fomu niliirudisha ofisini walikonipa.

Sasa narudia swali la mwanzo: mtoto apewe ruhusa au anyimwe? Mimi nasema apewe, kwa taratibu hizi. Kwanza, awe na kazi ya kufanya huko, nawe uijue. Mwenye kazi hapati nafasi ya kuzurura. Pili, nauli ya kurudia aitenge mbali na fedha ya matumizi, isiwe mfuko mmoja, na chakula kitoke nyumbani. Tatu, wenzake uwajue kwa sura na uwajue wazazi wao. Nne, mkubaliane mahali pa kukutana atakayepotea, palipo wazi na penye watu, wala msiitegemee simu. Tano, saa ya kurudi iwe kabla ya giza, na isemwe wazi. Na akirudi, usianze kwa kumwuliza ametumia kiasi gani. Mwulize ameona nini, kisha usikilize mpaka mwisho.

Na ukiweza, mfuate mara moja, usiende kumlinda tu, bali uende kutazama anachokitazama. Juma lililopita nilipita tena penye sanamu ile kwa shughuli zangu. Askari kijana alikuwa zamuni, ameipa mgongo, macho barabarani, kama ipasavyo. Nilimngoja mpaka alipobadilishwa zamu, nikamwamkia, nikamwomba ageuke kidogo.

Kwaherini, jamaa zangu, mpaka juma lijalo.